Mshauri, nianze kubadilisha nini kwenye kompyuta yangu ya gemu?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro. Mjomba wangu aliniachia kompyuta mpakato ya gemu aliyoinunua ikiwa mpya mwaka 2017. Prosesa yake ni Core i7-7700HQ, kadi ya picha ni GTX 1050 Ti yenye GB 4, RAM ni GB 8, diski ni ile ya kawaida ya TB 1, na mfumo endeshi ni Windows 10. Ninaitumia kucheza EA Sports FC mtandaoni na wenzangu, kucheza GTA V peke yangu, na kuhariri kwa Premiere video za harusi ninazopewa na mpiga picha mmoja wa mtaani kwetu. Kazi hiyo ya harusi ndiyo inayonipa fedha ya matumizi.

Mashine imechoka. Nikiiwasha, inakaa muda mrefu mno kabla haijakubali kufungua chochote, na hata baada ya hapo nikibofya folda nasubiri. Gemu ikishafunguka inaanza vizuri, lakini baada ya muda picha zinakwamakwama, feni zinapiga kelele, na sehemu ya juu ya kibodi inakuwa ya moto hata siwezi kuweka vidole. Nimemwendea fundi, akaniambia dawa ni kutoa kadi ya picha iliyopo na kuweka RTX, na anataka shilingi laki saba. Mimi nimejikusanyia laki tano.

Upande wa Windows ndio umenichanganya zaidi. Nimeletewa ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho wake na kwamba mashine yangu haikidhi masharti ya Windows 11. Rafiki yangu, ambaye mashine yake ni ya mwaka 2018 na ina kadi ya picha ileile na RAM ileile, aliletewa Windows 11 bure. Mtu mmoja ananishauri nipigiwe Windows 11 kwa nguvu, mwingine ananiambia nihamie Linux kwa sababu siku hizi gemu zote zinacheza huko, na mjomba mwenyewe anasema niiuze. Sitaki kupoteza video za watu, na bando langu haliwezi kupakua gemu zote upya. Naomba uniongoze.

Mwanafunzi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla ya jambo lolote, usimpe fundi huyo fedha yako. Katika mashine za daraja la hiyo yako, kadi ya picha na prosesa vimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, tofauti na kompyuta ya mezani ambayo kadi yake huchomolewa na nyingine ikachomekwa. Hakuna RTX ya kuchomeka humo. Kama fundi anashikilia kwamba inawezekana, mwombe kwa heshima akuonyeshe hiyo kadi anayotaka kuiweka na mahali itakapoingia. Ukiona anazungumzia kubadilisha bodi nzima, basi unauziwa mashine nyingine iliyovikwa gamba la hii. Yapo pia masanduku ya nje ya kadi za picha yanayounganishwa kwa Thunderbolt 3, kwa mashine zenye tundu hilo, lakini sanduku peke yake, likiwa halijawekewa kadi, lingeweza kumeza akiba yako yote.

Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa sababu umeeleza magonjwa mawili ukadhani ni moja. Kuchelewa kuwaka na kusubiri folda zifunguke ni ugonjwa wa diski. Kuanza vizuri kisha kukwama kadiri muda unavyokwenda, huku kibodi ikichoma, ni ugonjwa wa joto. Kadi ya picha haihusiki na ule wa kwanza, na katika ule wa pili inaumia pamoja na prosesa kwa kuwa zote mbili zinapozwa na mabomba yaleyale ya kuondoa joto. Unaweza kuthibitisha bila kutumia senti. Asubuhi, mara baada ya kuwasha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, uitazame diski: ukiona imefika asilimia 100 ilhali kasi ya kusoma ni megabaiti chache tu kwa sekunde, umeshampata mhalifu. Kwa joto, sakinisha programu ya bure iitwayo HWiNFO, iache ikirekodi wakati unacheza, kisha uangalie kiwango cha juu kilichofikiwa. Prosesa yako imewekewa ukomo wa nyuzi 100 za Selsiasi, na inapoukaribia hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kukwama unakokuona ndiyo njia yake ya kujiokoa.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wengi hukiruka, nacho ni chaja. Mashine hii imepita mikononi mwa mjomba kwa miaka mingi, na si ajabu chaja ya awali ilikufa ikanunuliwa nyingine yenye pini inayoingia tu. Igeuze usome maandishi yake madogo: zidisha volti kwa ampea upate wati. Chaja yenye volti 19.5 na ampea 6.67 inatoa wati 130, kiwango cha kawaida kwa mashine yenye kadi kama yako. Ukikuta wati 65 au 90, gemu itakwama hata ukibadilisha kila kitu kingine, kwa sababu mashine isiyopata umeme wa kutosha hupunguza kasi ya prosesa na ya kadi ya picha.

Sasa tuje kwenye kununua. Kitu cha kwanza, na ambacho ningekinunua hata kama akiba yako ingekuwa nusu ya hiyo, ni SSD. Diski yako ya sasa ina sahani zinazozunguka na mkono unaosogea kutafuta data, na kila utafutaji mmoja unaweza kuchukua zaidi ya milisekunde 10. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, kwa hiyo kuchelewa huko kunarundikana hadi unakoona. SSD haina mkono wala sahani, na utafutaji wake ni sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Ndiyo maana hata SSD ya bei ya chini ya aina ya SATA, ambayo ukomo wa kasi yake ni takriban MB 550 kwa sekunde, itaifanya mashine ya mwaka 2017 ionekane imezaliwa upya. Aina ya NVMe ina kasi kubwa zaidi kwenye karatasi, ila katika kufungua gemu tofauti yake na SATA ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. Wewe utaifaidi zaidi kwenye video.

Usinunue kabla hujafungua mfuniko wa chini, kwa sababu mashine mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana kwa ndani. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu kwa bisibisi inayolingana nazo, kisha kabla hujagusa kitu kingine chochote chomoa waya wa betri kwenye bodi kuu kwa kuvuta kichwa cha plastiki, si nyaya zenyewe. Na kama betri imevimba, yaani imeinua mfuniko au padi ya panya, simamisha kazi hapohapo na usiibonyeze. Hiyo inabadilishwa kwanza. Halafu tafuta nafasi fupi ya mlalo yenye tundu la skrubu moja mbele yake, mara nyingi pembeni yake pameandikwa M.2 au SSD. Umbali kutoka kwenye nafasi hadi kwenye skrubu ndio unaoamua urefu wa kifaa: namba 2280 ina maana ya upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na ndiyo inayopatikana zaidi madukani. Kisha soma mwongozo wa matengenezo wa modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji ili ujue kama nafasi hiyo inakubali NVMe, SATA, au zote mbili. Kukisia kwa macho ni hatari. SSD ya M.2 yenye mapengo mawili kwenye meno yake mara nyingi ni ya SATA, na yenye pengo moja mara nyingi ni NVMe, ila nafasi yenyewe inaweza kukipokea kifaa kikaingia vizuri na bado mashine isikitambue. Ukikuta hakuna M.2 kabisa, usikate tamaa: nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5 uiweke mahali pa diski ya sasa.

Kuhusu ukubwa, GTA V peke yake inachukua zaidi ya GB 100, na video za harusi unazijua mwenyewe. GB 512 ndiyo ya chini kwako, na ukiweza TB 1 ni bora. Ukiweka ile ya 512 usishtuke Windows ikikuonyesha 476. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024, hujaibiwa. Kuibiwa kwa kweli kupo kwingine, kwenye vifaa vyenye nembo bandia vinavyodai ukubwa visivyokuwa nao. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana, na ukifika nyumbani kijaze chote kwa programu ya H2testw, ambayo huandika data hadi mwisho na kuisoma tena. Kifaa cha uongo huumbuka hapo. Kama ni kilichotumika, CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake na kiasi ambacho kimeshaandikwa.

Kitu kingine cha kununua ni RAM. GB 8 ni kidogo kwa Premiere, na kwa gemu za leo iko ukingoni. Fungua tena ukurasa ule wa utendaji, sehemu ya kumbukumbu, usome nafasi ngapi zimetumika. Ukiona moja kati ya mbili, una bahati, kwani utaongeza kipande kimoja cha GB 8 ufike 16, na papo hapo prosesa itaanza kuzungumza na kumbukumbu kwa njia mbili badala ya moja, jambo linalopunguza mshtuko wa fremu hasa pale prosesa inapozidiwa. Unachotafuta ni DDR4 ya laptop, iitwayo SO-DIMM. Kwenye kibandiko cha kipande ulichonacho utaona maandishi kama 1Rx8 PC4-2400T. Hayo 2400 ndiyo kasi ambayo prosesa yako inaikubali kwa ukomo. Ukipata ya 3200 inunue bila wasiwasi, itafanya kazi kwa 2400. DDR3 na DDR5 haziingii, pengo la meno yake liko mahali pengine, kwa hiyo muuzaji akikuambia sukuma tu, rudisha. Kipande huingizwa kwa mshazari hadi meno ya dhahabu yasionekane, kisha hulazwa taratibu mpaka vibanio vya pembeni vilie.

Nikuonye kwamba bei ya RAM imepanda sana duniani tangu mwishoni mwa mwaka 2025, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili unde, na SSD nazo zimevutwa na wimbi hilohilo. Usishangae kuambiwa bei isiyofanana na ile aliyolipa rafiki yako mwaka juzi. RAM iliyotumika ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo sioni aibu kupendekeza, kwa sababu haichakai kama diski. Ipime usiku mmoja kwa MemTest86 kabla muda wa kurudisha haujapita. Kosa hata moja linatosha kuirudisha.

Kipo pia kisicho na gharama kubwa, nacho ndicho kitakachotibu kukwama kwa gemu. Ukiwa umefungua mfuniko, mulika tochi ya simu kati ya feni na mapezi ya shaba yaliyo ukingoni. Katika mashine isiyofunguliwa tangu 2017 kwa kawaida utakuta tabaka la vumbi limejikaza pale kama pamba ya godoro, na hewa haipiti. Kupuliza kutoka nje hakuliondoi, hulisukuma tu likarudi. Fungua feni, litoe kwa mkono na brashi laini, na wakati wa kupuliza ishike feni isizunguke. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa na kadi ya picha nayo itakuwa imekauka ikawa kama chokaa. Ifute kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi kidogo, kisha rudisha mabomba ukifuata namba zilizogongwa pembeni ya skrubu, 1 hadi ya mwisho, ukikaza kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Vile vipande laini vya mpira vilivyo juu ya chipu ndogo viache mahali pake kama havijachanika, maana unene wake umepimwa, na ukiweka vinene zaidi mabomba hayatagusa prosesa. Kama mkono wako hauna uzoefu, mpe fundi kazi hii moja, ukae naye hadi amalize.

Kabla ya kugusa mfumo endeshi, nakili video za wateja kwenye diski ya nje, uchomoe diski hiyo uiweke kando. Hilo halina mjadala. Angalia pia kama usimbaji wa BitLocker umewashwa, na ukiwa umewashwa uhifadhi ufunguo wake wa urejeshi nje ya mashine, kwa sababu ukibadilisha mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, unaweza kuulizwa ufunguo huo na bila kuwa nao data haifunguki.

Sasa swali lako la Windows. Rafiki yako hakupendelewa. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoaminika mashine inapowaka), na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, na kwa Intel orodha hiyo, ukitoa vighairi vichache mno, inaanzia kizazi cha nane. Tarakimu ya kwanza ya 7700HQ inakuambia kwamba yako ni ya kizazi cha saba. Mashine yake ya mwaka 2018 bila shaka ina prosesa ya kizazi cha nane, na mwaka mmoja huo ndio uliowatenganisha. RAM na kadi ya picha hazina uhusiano na jambo hili, kwa hiyo usitarajie kwamba ukishaweka vifaa vipya ujumbe ule utaondoka.

Ni kweli kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali kuhifadhi mipangilio ya mashine kwenye akaunti hiyo, unajiunga bila malipo. Vinginevyo unalipa dola 30 au unatumia pointi 1000 za Microsoft Rewards. Kiungo cha kujiunga kinatokea kwenye ukurasa wa Windows Update. Kwa mtu mwenye matumizi kama yako, naona hili ndilo la kufanya sasa, na sababu zangu ni EA Sports FC na Premiere.

Aliyekuambia gemu zote zinacheza Linux amekupa nusu ya habari. Tangu Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, ilipotoa Proton, programu ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux, mwaka 2018, na hasa baada ya Steam Deck, kifaa chake cha gemu cha mkononi cha mwaka 2022, gemu nyingi mno za Windows zinafunguka Linux kwa kubofya tu, na GTA V ya peke yako ni mojawapo. Zinazokataa ni zile ambazo kinga yake ya udanganyifu hukaa ndani kabisa ya kiini cha Windows. EA Sports FC iko katika kundi hilo, Valorant na Fortnite vilevile, na GTA Online nayo ilijiunga mwezi Septemba 2024 ilipowekewa kinga iitwayo BattlEye bila kuruhusu Linux. Kwa upande wa kazi, Premiere haina toleo la Linux. DaVinci Resolve inalo, ila toleo lake la bure huko limekuwa na kizuizi cha muda mrefu kwa video za muundo wa H.264, ambazo ndizo kamera nyingi za harusi hutoa. Ungehama leo, ungepoteza wenzako wa mpira na mteja wako kwa pamoja.

Kuweka Windows 11 kwa nguvu kunawezekana, na kwenye prosesa kama yako huwa inawaka na kufanya kazi. Sikukatazi, ila ujue unachokikubali: Microsoft imeandika wazi kwamba mashine zisizokidhi masharti hazina hakikisho la kupata masasisho, yakiwemo ya usalama, na yale matoleo makubwa ya kila mwaka kwa kawaida utalazimika kuyasakinisha mwenyewe. Maadamu masasisho ya Windows 10 bado yanatoka, sioni unachokifuata huko. Kadi yako yenyewe haitanufaika, kwani NVIDIA, mtengenezaji wake, ilitoa draiva (programu inayoiendesha kadi) ya mwisho ya gemu kwa familia yake, iitwayo Pascal, mwezi Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Kubadilisha Windows hakukuletei draiva bora. Na zipo gemu ambazo hata ukiweka RAM ya GB 32 hazitafunguka, kama Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025, inayodai kadi yenye uwezo wa ray tracing, yaani kukokotoa njia ya mwanga kwenye picha, ambao kadi yako haina.

Ninachokushauri ni kusakinisha Windows 10 upya kwenye SSD badala ya kunakili mfumo wa zamani wenye uchafu wa miaka yote hiyo. Kwenye mashine iliyopo sasa, andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, usome mstari wa hali ya BIOS. Mafundi wengi wa mtaani hupiga Windows katika hali ya zamani ya Legacy kwa mazoea, na ukiikuta hivyo ndiyo nafasi yako ya kurekebisha: weka BIOS katika hali mpya ya UEFI, washa Secure Boot na TPM, ambayo kwa Intel mara nyingi inaitwa PTT, kwa sababu baadhi ya gemu mpya za mtandaoni hukataa kufunguka bila hivyo vitu. Andaa flashi ya GB 8 au zaidi kwa chombo cha Microsoft kiitwacho Media Creation Tool, chomoa diski ya zamani ili usifute kwa bahati mbaya, kisha sakinisha. Leseni ya kidijitali ya mashine imefungwa kwenye bodi kuu, si kwenye diski, kwa hiyo ukichagua toleo lilelile, Home au Pro, itajiwasha yenyewe ukiunganisha intaneti. Mtu akikuletea programu ya kuwashia Windows kutoka kwenye flashi yake, mkatalie. Programu hizo huanza kwa kukuomba uzime kinga ya virusi, na wewe unashika video za familia za watu.

Bando lako tutalinusuru hivi. Rudisha diski ya zamani, sakinisha Steam kwenye SSD, kisha nakili folda ya gemu kutoka steamapps/common ya zamani kwenda steamapps/common mpya kabla ya kubofya kitufe cha kusakinisha. Ukibofya, Steam itayakuta mafaili, itayakagua, na itapakua kilichopungua tu. FC ukiwa umeinunua kupitia programu ya EA, anza kupakua, sitisha baada ya muda mfupi, nakili mafaili ya zamani juu ya folda iliyoundwa, kisha endelea, nayo itakagua.

Ikifika Oktoba 2026 utaamua tena ukiwa na mashine iliyo salama na yenye kasi. Kama kufikia hapo kazi ya harusi imekua, tafuta mashine nyingine yenye prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, na SSD utaihamishia huko ikiwa muundo wake unakubali. RAM pia, kama mashine hiyo inatumia DDR4. Hii ya mjomba uipe Linux na GTA, ukichagua Linux inayotoa draiva ya NVIDIA ya tawi la 580, ambalo ndilo la mwisho kwa Pascal. Wakati huo, kama kisakinishi cha Linux hakiioni SSD, ingia BIOS ubadilishe hali ya diski kutoka RAID kwenda AHCI, na folda ya gemu za Steam iweke kwenye sehemu ya ext4, mpangilio wa diski wa Linux, si NTFS ya Windows, la sivyo Proton itakusumbua.

Kwa mgawanyo wa laki tano: SSD kwanza, pesti na usafi pili, RAM tatu kwa kitakachobaki. Ikiwa chaja ni ya wati pungufu, chaja itangulie mbele ya RAM. Diski ya zamani, kama CrystalDiskInfo inaipa afya nzuri na mashine yako ina nafasi ya M.2, iache humohumo iwe ghala la video zilizokwisha kukabidhiwa. Ikiwa imetoa tahadhari ya rangi ya njano, usiihifadhie kitu cha mteja hata kwa siku moja.